Nelima Amekosa Nini?

Mideva alikuwa akimpima mteja kiuno wakati mwanamke wa kuuza sukuma wiki alipotokea mbio.

"Mama Nelima! Wanampiga msichana wako huko kwa duka la Sahra! Wanasema ameiba mtoto!"

Mideva aligeuka. Kiti kilichokuwa kando ya cherehani kilikuwa kitupu. Hapo ndipo bintiye alipokaa kila siku akichambua nyuzi za sufi kwa rangi zake. Nelima alikuwa mwanamke mzima, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, lakini maneno yake yalikuwa machache, na siku nyingine hayakutoka kabisa. Daktari aliiita hali hiyo usonji. Majirani wa mtaa wa Huruma walikuwa na majina mengine, ambayo Mideva hakupenda kuyarudia.

Alikimbia bila kufunga kibanda.

Umati ulikuwa umejaa mbele ya duka la vitambaa. Grili ya chuma ya mlangoni ilikuwa imefungwa kwa ndani. Nyuma yake alisimama Sahra, mwenye duka, ameikamata kwa mikono miwili. Sakafuni, katikati ya majora ya vitambaa, Nelima alikuwa amejikunja, viganja masikioni, akitoa mguno mmoja usiokatika. Damu ilimtiririka kutoka juu ya jicho.

"Sahra, fungua!" watu walipiga kelele.

"Ukimficha mwizi wa watoto, wewe pia ni mwizi! Tutachoma hii duka!"

Aliyesema hivyo alikuwa Collins, mwendesha boda, rungu mkononi. Mlango wa nyumba yake ulitazamana na wa Mideva. Walichota maji kwenye mfereji mmoja.

Mideva alijua kwamba akifungua mdomo, hasira yote ingemgeukia yeye. Akasimama nyuma ya umati. Kisha akasikia kichwa cha Nelima kikigonga ukuta, kikagonga tena, naye akajipenyeza kwa mabega mpaka kwenye ngazi ya duka.

"Mimi ndiye mama yake!" akapaza sauti. "Mkitaka kupiga mtu, anzeni na mimi!"

Kelele zikapungua kidogo. Mtu wa nyuma alikuwa bado ameshika jiwe.

"Huyo mtoto aliyeibiwa ako wapi?" Mideva akauliza.

Walimsukuma mbele mama mmoja kijana, Jerop, aliyekuwa amemkumbatia mtoto wake kifuani.

"Nilikuwa nachagua kitambaa," Jerop alisema. "Mtoto nilikuwa nimembeba mgongoni. Nikasikia mkono wa mtu hapo nyuma. Kugeuka, nikamwona huyu, hasemi kitu, haniangalii. Nikapiga nduru."

"Alimtoa mgongoni?" Mideva akauliza.

"Usiogope, dada," Collins alidakia. "Sema alitaka kumtoa. Sisi tuko hapa."

Jerop alilitazama rungu. Akautazama umati uliokuwa ukingoja jibu moja tu kutoka kwake. Mtoto akaanza kulia.

"Hapana," alisema, sauti ikiwa chini. "Hakumtoa. Alishika tu kofia ya mtoto, hii ya sufi. Alikuwa anaipapasa."

"Sema tena, mama. Wasikie," Mideva alimwambia.

"Alishika kofia tu!"

"Anapenda sufi," Mideva alisema. "Ni hivyo tu. Anapenda sufi."

"Sasa mbona hakujitetea?" mtu akauliza.

"Akiogopa, maneno hayatoki. Na nyinyi mlimwogopesha."

Hakuna aliyeomba msamaha. Walianza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakinung'unika kwamba watu kama hao hawafai kuachwa wakizurura. Wakati huo ndipo Sajini Kiprotich alipofika na askari mwenzake. Alichungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Mama, shukuru Mungu ameponea. Mpeleke hospitali, halafu mrudishe nyumbani. Na ukienda kazi, uwe unamfungia. Ni kwa usalama wake."

Mideva alikuwa ameyasikia hayo kwa mwenye nyumba, kanisani, hata kwa mama yake mzazi.

"Afande, amekosa nini?"

"Sijasema amekosa."

"Basi mbona yeye ndiye wa kufungiwa? Aliyempiga ni yule pale, anawasha pikipiki."

Sajini aligeuka. Collins aliacha kuchezea ufunguo.

"Uko na shahidi?"

Mideva alimtazama Jerop, naye Jerop akatazama chini. Nyuma yao grili ikalia. Sahra alikuwa amefungua.

"Mimi niliona," alisema. "Alimpiga na rungu, hata baada ya kuanguka. Andika jina langu, afande. Sahra Mahamud."

Collins akashtakiwa. Usiku wa kuamkia Jumapili iliyofuata, kioo cha duka la Sahra kilivunjwa kwa mawe. Wateja wa Mideva walipungua. Baba yake Collins alikuja na wazee wawili.

"Jirani ni jirani, Mama Nelima. Tuyamalize haya mambo nyumbani."

"Mzee, kama ingekuwa ni wako aliyelala pale sakafuni, ungeyamaliza wapi?"

Mideva aliwapa chai, akawasindikiza hadi mlangoni, na kesi ikaendelea.

Jerop alifika mahakamani akiwa amechelewa, mtoto mgongoni, akasimulia yote bila kupindisha. Collins alipatikana na hatia, akapewa kifungo cha nje na kazi ya kuihudumia jamii. Walipotoka alimfuata Mideva kwenye ukumbi.

"Pole, mama."

"Si mimi uliyenipiga."

Collins akamgeukia binti aliyesimama kando ya mama yake. "Pole, Nelima."

Nelima hakumtazama. Kelele za ukumbi zilikuwa zikimuumiza. Alimvuta mama yake kwa mkono wa sweta, wakaenda zao.

Hadi leo Nelima hakubali kupita mbele ya duka lile. Wakifika karibu, huvuka barabara, na Mideva huvuka naye. Hawaharakishi. Kuna wanawake huwavuta watoto wao karibu, kuna wengine husalimia. Sahra akiwaona huacha wateja wake, akavuka na kutembea nao kidogo upande ule wa pili.