Aliyeamia Ndege Msikitini

Wale wa Kau waliomcheka mwanangu nawajua mmoja mmoja, na wengine bado naonana nao kisimani. Siwatukani. Nawasalimia vizuri, nawauliza wa nyumbani hawajambo, kisha nawauliza, "Mmesikia habari za Zubeir wangu huko Lamu?" Hapo utawaona wanavyojitwisha mitungi yao haraka haraka.

Mimi ni Mishi, mkulima wa mpunga hapa Kilelengwani, na mdomo huu nimepewa na Mungu, sikuuiba. Zubeir ndiye mwanangu wa pekee. Babake alifariki mtoto angali ananyonya, basi shamba tukalilima wawili. Asubuhi alikwenda chuoni Kau kwa Mwalimu Shee, na mpunga ulipoanza kuchanua alishinda juu ya dungu akiamia ndege wasiule. Dungu lenyewe ni jukwaa la miti tu, lakini ukipanda unaona mashamba yote mpaka mtoni. Huku anasoma Kurani kwa moyo, huku anazungusha kombeo. Kundi likishuka anakata aya katikati: "Hooya! Hooya!" Likiruka, anaendelea palepale alipoachia. Alikua hivyo. Mimi nikipalilia huko chini nilisikia sura na hooya, sura na hooya, wala sikuona ajabu.

Mwaka ule bendera ya Waingereza ilikuwa bado mpya Kipini. Shekhe mmoja mkubwa wa Lamu akaleta habari kwamba ana nafasi ya mwanafunzi nyumbani kwake. Mmoja tu. Atamsomesha na kumlisha mpaka awe mwanachuoni. Wanaotaka waje Kipini, awasikilize. Mwalimu Shee akapeleka vijana wanne, wa mwisho wao Zubeir. Watu wakasema, loo, hata watoto wa mpungani siku hizi! Niliwajibu. Niliyowajibu sitayarudia hapa.

Siku ya mtihani sisi wanawake tulikaa nje, ukutani pa msikiti wa Kipini, chini ya dirisha. Wa kwanza alikuwa Abdulsalam, mtoto wa Bwana Swaleh, tajiri wa Kau. Kijana ana sauti, haki ya Mungu! Shekhe akamkatiza katikati ya aya, akamuuliza jina la babu yake, kisha akamwambia, "Haya, endelea." Abdulsalam akaomba aanze tena tangu juu. Akaanza, akasoma uzuri wa ajabu. Wawili waliofuata wakafanyiwa vivyo hivyo, nao wakaanza upya. Mamake Abdulsalam, Bi Halima, akanipiga kumbo na kunikonyeza, kama kwamba mambo yamekwisha.

Ikawa zamu ya wangu. Akaanza Sura ya Maryam. Anakwenda, anakwenda, herufi zimenyooka. Mara kundi la ndege likashuka uani, mbele ya dirisha lenyewe. Na mwanangu, ndani ya msikiti, mbele ya shekhe wa Lamu, akapiga ukelele: "Hooya!"

Ya Rabi! Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Wanaume ndani wakaangua kicheko. Bi Halima alicheka mpaka akajifuta machozi. Nikasikia Zubeir akisema "Astaghfirullah," kisha akaendelea kusoma, lakini jinsi alivyosoma msiniulize. Nilikuwa nimemgeukia Bi Halima nampa zake.

Shekhe alipanda chombo akarudi Lamu, akaacha maagizo kwamba habari tutaletewa.

Hapo ndipo nilipojua kungoja ni nini. Watoto wa Kau wakimwona Zubeir wanampigia hooya, basi akaacha kwenda Kau. Chakula nampa, anakichezea. Siku moja akaniuliza, "Mama, nilimkosea Mungu?" Nikamwambia, "Mungu ndiye aliyekupa mpunga na ndege wake. Kula!" Lakini nilipogeuka nililia. Mashuka ya watu nimefua, kuni za watu nimebeba, ili mtoto huyu asome. Je, kazi yote hiyo iharibikie kwa ndege?

Asubuhi moja namwona nani anakuja kwenye matuta? Abdulsalam, na viatu mkononi. "Shikamoo, Mama Zubeir." Nikaitikia kwa shingo upande. Kumbe kwao hakukaliki. Babake keshamshonea joho, mamake keshaalika watu, na yeye usingizi haumjii. Akapanda dunguni, akaketi na Zubeir. Tangu siku ile akawa anakuja. Kila mtumbwi ukitokeza kwenye kona ya mto wanasimama wote wawili, ukipita wanaketi.

Mpaka ukaja mtumbwi uliotia nanga hapahapa kwetu, na ndani yake Mwalimu Shee. Akapanda ukingo taratibu, akaketi juu ya gogo, akajipepea. Vijana dunguni wamekauka.

"Mishi," akasema, "nipe maji ya kunywa."

"Maji utakunywa ukishasema!"

Astaghfirullah, mwalimu wa mwanangu! Lakini alicheka. Akasema, "Shekhe ameniagiza hivi. Wale watatu aliwatoa njiani, nao hawakuweza kurudi ila kwa kuanzia mlangoni. Huyu wa mwisho alitoka mwenyewe, kwa kelele zake, akarudi penye herufi ileile, wala hakutetereka. Elimu ya namna hiyo, asema, haimwagiki. Mpelekeni Zubeir. Na mwambieni Lamu hatulimi mpunga."

Nilipiga vigelegele mpaka shamba la pili wakadhani nimevamiwa na nyoka. Zubeir alishuka dunguni akaniangukia miguuni. Mwanangu! Mtoto wa mpungani! Nilijiona mrefu kuliko minazi yote ya Kau.

Nilipoinua macho nikamwona Abdulsalam bado yuko juu, analia waziwazi. Ndege nao, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwa akiwatazama, wameshuka kundi zima. Kijana yule akajifuta uso kwa kiganja, akaokota kombeo, akaita, "Hooya!" kwa sauti yake ile tamu. Nikampenda papo hapo. Siku ile alikula kwangu, tonge kwa tonge na mwanangu, na lile la mamake nikalisamehe. Karibu lote.

Siku ya safari sikwenda ukingoni. Nilijua nikimshika sitamwachia. Nilipanda dunguni peke yangu, na mtumbwi ukaja kutoka juu, unashuka kwenda Kipini, Zubeir ameketi mbele anasoma. Ileile Maryam. Nilitaka kumwita jina. Nilichopata kutoa ni kile tulichozoea. Nikasimama, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Hooya!"

Akanyamaza. Akanigeukia, akainua mkono. Kisha nikasikia sauti yake juu ya maji, inaendelea palepale alipoachia, inaendelea, mpaka kona ikamchukua. Ndege wakashuka mpungani wakala walivyotaka. Mimi nilikuwa nasikiliza.