Vyungu vya Nyangala

Uliziona zile taa. Usiniambie hukuziona, maana picha uliyopiga chini yake bado iko kwenye simu yako: umeshika soda, meno yote nje, na juu ya kichwa chako kinaning'inia chungu cheusi kilichopinduliwa, kitako kimetobolewa, waya umepita kwenye tundu na balbu inawaka ndani. Ukaandika, "Nyangala, raha tupu." Marafiki zako wakauliza taa kama hizo zinauzwa wapi. Hakuna aliyeuliza, na wewe ukiwa wa kwanza kutouliza, ni nani anayekaa chini akatoboa kitako cha chungu kizima, na kwa nini.

Nitakwambia. Ukishasikia, usigeuze shingo tena.

Nyangala ni msitu wa mlimani kwetu, juu ya Munisagara, na wanasema ni msitu wa umma. Mwingereza aliuwekea mipaka akasema ni wa Mfalme. Tukapata uhuru, ukawa wa serikali. Wakati wa Operesheni Vijiji wakatushusha huku bondeni karibu na reli, wakatuambia tusirudi hata kuchuma uyoga. Miaka ikapita, wakaja watu wa semina, wakatugawia kofia, wakasema msitu ni wenu, ulindeni. Tukaulinda. Tuliulinda mpaka ukapendeza, na ulipopendeza ukawa wa Kambi ya Amani Porini.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kutembea. Watu wamechoka kuhesabu pundamilia kule Mikumi, wanashuka na treni ya umeme Kilosa mjini, wanaletwa kwetu na gari lenye viyoyozi ili watembee kwa miguu. Haya, watembee. Ila njia wanayotembea ni ile ile mama zetu waliyoikanyaga kwenda chemchemi, na sasa ina kibao: Njia ya Chui. Chui wa mwisho wa Nyangala alinaswa na mtego wa babu yangu, na ngozi yake iliishia kwa mkuu wa tarafa. Kila jioni kambini wanawasha moto wa magogo wa kuota, joto la Februari, wageni wanajipepea na kofia huku wanauota. Bibi Ida wa kwetu aliwahi kupigishwa magoti barabarani, mjamzito, kwa mzigo mmoja wa kuni kavu kutoka msitu huo huo. Ninakumbuka. Kazi yangu ni kukumbuka, kwa kuwa wengine mmeamua kusahau.

Sasa sikia habari ya Debora.

Debora ni mama aliyekwisha kuvuka makamo, Mwanglikana wa kukaa benchi la mbele, anayelima ndizi mteremkoni. Kambi ilipofunguliwa akawa anapeleka ndizi jikoni kwao kwa mlango wa nyuma. Ule upande wa mbele, wa viti vya kamba na picha, hakuwahi kuufikia. Asubuhi moja mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, akazunguka na beseni lake kichwani mpaka barazani wanakolia chakula wageni.

Meneja wa kambi, kijana mmoja wa kuja anayeitwa Goodhope, alikuwa anakunywa kahawa.

"Mambo vipi, bibi! Leo umeshusha mzigo wa nguvu!"

Mlinzi wa geti, Abeli, ambaye ni mtoto wa mdogo wake, alikuja mbio akainama kidogo. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie bosi wako mimi na yeye hatukucheza kombolela pamoja."

Goodhope akacheka. "Haya bibi, shikamoo, yaishe."

"Marahaba." Lakini Debora alikuwa hamtazami tena. Alikuwa anatazama juu. "Kile chungu umekipata wapi?"

"Kipi? Hizi taa? Ah, hivi vyungu tumeviokota tu. Vilikuwa vimetupwa kule kwenye chemchemi, vibovu vyote, vimetoboka. Sisi tukaviosha, tukavipaka rangi, tukavipa thamani. Wageni wanavipenda balaa!"

"Mmeviokota vyote?"

"Vyote. Pale pamesafishwa, pamekuwa peupe kama uwanja. Jumatatu ijayo tunaanza kuchimba shimo la vyoo vipya, vile vya kukaa. Njoo uone tulivyopapima."

Debora akateremsha beseni. Kile chungu kilichokuwa juu ya meza ya katikati kilikuwa na alama tatu za dole gumba shingoni, chini ya rangi. Mama yake mzazi alikuwa mfinyanzi, na hiyo ndiyo ilikuwa saini yake. Aliacha ndizi pale pale, akashuka mlima bila beseni, na Abeli anasema alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Huku kwetu mlimani mtoto akifa kabla hajaota meno, wanaume hawamziki. Hapelekwi makaburini, hapigiwi kengele ya kanisa, hakuna matanga. Wanawake wanamchukua alfajiri, na haya yanayofuata mimi nimeyajua wiki hii tu, wanamlaza karibu na chemchemi, penye ubaridi, na juu yake wanapindua chungu kilichotobolewa kitako, asije mtu akakitamani kwa kupikia. Wakirudi hawalii njiani. Baba haonyeshwi mahali. Mjomba haonyeshwi. Na mama haruhusiwi kulitamka jambo hili mbele ya mwanaume, maana akilitamka, ndivyo walivyofundishana, atalifunga tumbo la binti yake.

Kwa hiyo, siku ile walipokuja wapimaji na kampuni yao, wakaitisha mkutano wa kijiji wakauliza, "Ndani ya eneo hili kuna makaburi?", wanaume tulitazamana, tukajibu kwa ukweli wote wa mioyo yetu: hakuna. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye khanga zao, wanavunja vijiti. Wapimaji wakaandika, wakapanda gari. Watu wamesoma mpaka vyuo, hawakujua kwamba kuna mambo huku huyaulizi kwa kipaza sauti.

Hapo ndipo aliposhikwa Debora. Akinyamaza, Jumatatu wageni wanachimbiwa choo juu ya mtoto wake wa kwanza. Akisema, binti yake Angela yuko hapo nyumbani, mimba imeshuka, viatu havimwingii.

Mkutano wa kijiji ulikuwa Alhamisi, katika darasa la shule. Mwenyekiti wetu anaitwa Danieli, na huyo Danieli ni kaka wa Debora, tumbo moja. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye ngao yake. Shika hilo. Goodhope naye alikuwepo, amekaa meza kuu, ameleta katoni za maji ya chupa. Hotuba zikaenda. Tukashukuru kwa ajira: mlinzi mmoja, wafagiaji wawili. Tukapiga makofi. Sisi kwa makofi hatujambo.

Debora akasimama kutoka kule chini walikokaa wanawake.

"Angela, toka nje."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, amebanwa mkojo!"

"Angela, mama, nimesema toka."

Angela alikuwa ameegemea ukuta, mikono juu ya tumbo. Akamtazama mama yake, na nadhani hapo alielewa, kwa sababu wanawake wote walikuwa wameacha kuvunja vijiti.

"Sitoki," akasema. "Sema, mama. Mimi nipo."

Debora akamgeukia mwenyekiti. "Danieli. Vile vyungu mlivyovitia umeme si takataka. Ni makaburi ya watoto."

Danieli akakohoa. "Dada, siku ile tuliuliza kuhusu makaburi. Mkanyamaza."

"Mliuliza wanaume wakiwepo."

"Leo hawapo?"

Wanaume wakacheka, mimi sikucheka, na sidai sifa kwa hilo.

"Leo wapo," akasema Debora, "ndiyo maana nilimwambia mwanangu atoke nje, na amekataa. Danieli, unakumbuka uzazi wangu wa kwanza? Ulipanda na mbuzi kuja kumpokea mpwa wako. Ukamkuta hayupo. Hukuuliza."

"Haiulizwi," akasema Danieli kwa sauti ndogo.

"Basi usiulize. Nakwambia mimi. Yuko chini ya vigingi vya choo chako. Wewe ndiye mjomba wake."

Danieli akatazama dari. Dari ya darasa lile haina kitu cha kutazama isipokuwa popo. Aliitazama hivyo hivyo kama vile imeandikwa jibu.

Goodhope, ambaye kimya kinamwasha kama upupu, akasimama, mkono kifuani. "Bibi, pole sana. Kwa kweli nimeguswa. Hii ni historia nzuri, hatukuijua. Tunaweza kuweka kibao, wageni wasome. Tena hata wewe mwenyewe, jioni moja moja, ukaja ukawasimulia pale kwenye moto. Wageni wanapenda vitu vya asili."

Bibi Ida akainua kichwa. Huyu ndiye yule wa kupigishwa magoti. "Baba, na sisi tulie saa ngapi? Kabla ya supu au baada ya supu?"

Hapo wanawake ndio waliocheka, kicheko kibaya, cha puani. Lakini nitakuwa muongo nikisema walisimama. Walijua, kila mmoja na cha kwake. Ida peke yake ndiye aliyeongeza, "Hata mimi ninaye kule," akakaa. Wengine waliinamisha vichwa, wakashika khanga zao.

Danieli akasema hoja imepokelewa. Ataunda kamati. Akawataja wajumbe pale pale, wanaume watupu, wakachunguze makaburi ambayo mila hairuhusu mwanaume kuyaona! Na wakati kamati inachunguza, kazi isisimame, maana mkandarasi ameshalipwa. Tukafunga kwa sala. Tukagawiwa maji ya chupa. Watu wakanywa.

Kesho yake asubuhi wanawake watatu walipanda Njia ya Chui: Debora, Ida, na nyuma yao Angela na tumbo lake, akipumzika kila penye jiwe. Getini wakamkuta Abeli.

"Mama mkubwa, nimeambiwa usipite."

"Nimesikia. Unafanyaje?"

Abeli akavua kofia ya kazi, akaitundika kwenye geti. "Mimi naenda chooni. Nina tumbo baya, nitachelewa."

Debora akapanda juu ya kiti cha wageni, akakata waya kwa kisu cha ndizi, akakishusha kile chungu chenye alama tatu. Ida alizunguka chini ya vile vingine, shingo juu, akivitazama kimoja baada ya kingine. Vyote vimesuguliwa, vyote vimepakwa rangi moja. "Changu ni kipi?" akauliza. "Debora, we, changu ni kipi?" Nani angemjibu? Walipoviokota hawakuweka alama kipi kilitoka wapi, takataka haiwekewi alama.

Wakashuka mpaka chemchemi. Debora alipajua pake kwa mwamba na mzizi, akang'oa kigingi, akakata kamba ya mkandarasi, akapindua chungu pale. Ida akapiga magoti pembeni, safari hii bila kuamrishwa na askari wa msitu, akasema wa kwake hana chungu, basi atakaa yeye.

Kufikia jioni Goodhope alikwishatuma watu. Chungu kimerudi juu ya meza ya katikati, na balbu mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Ida ametolewa, vigingi vimerudi. Abeli hana kazi. Debora ameandikiwa wito wa ofisi ya kata kwa wizi wa mali ya kambi, na ndugu yake Danieli ndiye aliyeupeleka huo wito nyumbani, akauacha kwa mtoto wa jirani kwa sababu hakuweza kubisha hodi. Kamati haijakutana. Naambiwa wanasubiri posho.

Angela hajajifungua. Yuko nyumbani, anafinyanga. Hajui kufinyanga, vyungu vyake vimepinda midomo, lakini hivi vimetengenezwa kuwa vibovu tangu mwanzo, vitako vimetobolewa udongo ukiwa mbichi. Vimepangwa ukutani vikikauka. Anasema mwenye wa kwake aje achukue chake.

Hawaji. Wanaona aibu, wanawaogopa waume zao, wanaogopa matumbo ya binti zao. Siwalaumu. Nakulaumu wewe, uliyezaliwa na mmoja wao, uliyekula pilau la ufunguzi chini ya chungu cha ndugu yako.

Leo ni Jumamosi. Usiniandikie "pole." Usiniambie hili ni jambo la wanawake, lilikuwa lao mpaka lilipotiwa umeme ukalipiga picha. Weka simu chini. Ingia jikoni kwa mama yako sasa hivi, kaa chini miguuni pake, muulize: "Mama, tulizaliwa wangapi?" Akinyamaza umeshajibiwa. Mshike mkono, mpitishe kwa Angela achukue chungu, umpandishe Nyangala, na pale kwenye mwamba umgeuzie mgongo akipindue mwenyewe. Kisha ukae hapo kwenye kamba ya mkandarasi, wewe na mgongo wako, na Jumatatu sururu likija likukute umekaa. Inuka.