Salamu Juu ya Mashine

Mapafu kama yangu, Rungwe nzima hamna. Nasema bila majivuno. Majivuno ni ya watu wanaohema.

Ndiyo maana niliposikia wabeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Rungwe wamebakiza nafasi moja, nilimwambia mama aanze kunizoea nikiwa mtu mwenye kazi. Kilichobaki ni kipimo tu, kwenye ukumbi mmoja pale Bagamoyo ya kwetu hapa Rungwe, si ile ya pwani, kwa dada Lusungu, mwenye saa mkononi na daftari.

Mashine yenyewe inautaka mwili mzima: miguu inakanyaga, mikono inasukuma na kuvuta. Dakika sita. Mapigo ya moyo yakipita mia na sitini, nafasi anapewa mwingine.

"Uko tayari, kaka?"

"Dada, nikimaliza utaniomba nirudie."

Dakika ya pili kioo cha mashine kikasoma mia hamsini na nane. Miguu ilishaanza kuniuliza kosa lake ni nini.

Hapo Mungu akamleta mzee Ambilikile, anamtafuta mkwewe. Kwetu mzee hasalimiwi huku unakanyaga hewa. Nikashuka, nikainama, mikono yote miwili. Shikamoo baba, mama hajambo, ng'ombe je, migomba je. Dada Lusungu akasimamisha saa, naye kalelewa. Mzee alipoondoka nikapanda tena. Moyo: mia na kumi.

Nikaelewa.

Dakika ya nne, mia hamsini na tisa, na hakuna mzee anayepita. Dada Lusungu kainamia daftari. Nikashuka, nikainama dirishani.

"Shikamoo, mama. Ugonile, umeamka salama? Wajukuu wameamkaje?" Nikaitikia kwa kichwa, kama vile najibiwa. "Na mahindi, mvua haijayalaza?"

"Msalimie tu," alisema dada Lusungu bila kuinua kichwa, akasimamisha saa.

Nikamuulizia na shangazi yake. Nikamuulizia na mchungaji wake. Pumzi ikarudi taratibu, raha mustarehe.

"Mwanangu," sauti ikatoka mlangoni, nyuma yangu. Alikuwa bibi mmoja, amekuja kupima presha. "Unaongea na nani?"

"Na mama mmoja, bibi. Anapita."

"Hapo dirishani? Hapo nimefunga mbuzi wangu sasa hivi."

Dada Lusungu akaja, akachungulia, akarudi kuchana ukurasa wangu.

"Na ni beberu," bibi akaongeza. "Kaamka salama."