Ukoga Ulioanikwa

Rukaiya aliziona chupa zake tangu yuko mbali kwenye tuta. Chupa tatu, zimepangwa juu ya jamvi katikati ya mpunga, jua la saa saba linazipiga utosini. Asubuhi ziliachwa kijani kibichi. Sasa njano, yaani njano ya mkojo wa mgonjwa.

"Shangazi, nani kazitoa hizi?"

Bi Sikudhani alikuwa anageuza mpunga kwa mguu, hana haraka. "Mimi. Nimeingia chini ya dungu, kile kibanda cha kulindia mpunga, kutafuta ungo, nakuta machupa yameota ukoga wa kijani, yamefunikwa magunia mawili. Nikasema huyu mtoto mvivu, jua la bure hataki kuanika."

Utamlaumu nani? Hapa Maparoni kitu kikiota ukoga kinaanikwa. Mpunga, godoro, hata msala wa kuswalia. Nani angewaza kwamba ukoga wenyewe ndio unaofugwa?

Na ulifugwa kwa shida. Mwaka huo, tisini na saba, kiwanda alichokuwa akibangulia korosho kilikuwa kimeuzwa, mashine zimeng'olewa, wabanguaji wamerudishwa makwao. Ndipo akatokea Bwana Abbasi, mtafiti kutoka Dar, anatafuta msaidizi mmoja wa ofisi yake Kibiti. Sharti lake kwa kila mwombaji: tunza chupa tatu kivulini wiki sita, pima na uandike mwanga kila siku, nije nizikute hai. Wiki sita zilikuwa zinaisha leo, alasiri, maji yakijaa.

"Shangazi, huo ukoga ni bakteria. Kila mmoja ndani yake ana tando, zimepangana kama chapati kwenye sahani. Hizo ndizo zinakula mwanga."

"Wanakula mwanga, nami nimewapa mwanga. Kosa langu liko wapi?"

Rukaiya akafumba macho. "Kivulini mwanga haba. Kwa hiyo wanaongeza tando, na juu yake wanapanga mitego ya rangi, kamwanga kakipita tu wanakanasa. Juani wanapunguza. Lakini kupunguza kunataka siku kadhaa. Ungetoa gunia moja kwanza, siku ya nne la pili. Wewe umewatoa mara moja, mitego yote iko wazi. Wameungua."

"Kama mtu aliyefunga kupewa sinia zima la pilau."

"Eeh. Na amelimaliza."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba shangazi ameelewa, tena kwa sentensi moja, ila saa tatu baadaye.

"Si ukachote mwingine mferejini? Tele."

Rukaiya akaenda. Wallahi akaenda, akajaza chupa, na ule ukoga ulivyokuwa kijani ulikuwa kama unamcheka. Lakini ule ulizaliwa juani, tando zake chache. Kipimo cha Abbasi kingemuumbua palepale. Akaumwaga wote.

Boti ilifika saa kumi. Abbasi akainua chupa ya kwanza, akaitazama, akaiweka chini. Ya pili hivyohivyo.

"Hizi zimekufa."

"Mbili, Mwalimu. Ya tatu chini bado ina kijani. Ikirudi kivulini inaweza kupona."

"Nilisema tatu. Tamimu, mwombaji mwenzako wa kule Mkongo, zake zote nzima." Akajikuna shingo, anaona haya kidogo. "Basi nipe daftari, angalau vipimo visipotee."

Rukaiya akalibana daftari kwapani. Siku arobaini na mbili, asubuhi, mchana, jioni, hata siku ya homa. "Daftari linakuja Kibiti na mimi."

"We binti, hilo daftari ni la utafiti."

"Nilinunua mwenyewe. Na kalamu."

Nahodha akagonga ubavu wa boti kwa upondo. Maji yameanza kupwa, wakichelewa watalala kwenye matope. Abbasi akayatazama maji, akamtazama Rukaiya, akapanda.

Boti ilipopotea kwenye mikoko, Bi Sikudhani akasema polepole, "Ungempa tu, mwanangu. Huenda angekukumbuka."

"Angempa Tamimu asome."

Wingu zito lilikuwa limetanda upande wa Kiongoroni na mpunga bado uko nje. Shangazi akashika pembe moja ya jamvi, akangoja. Rukaiya, na hasira zake zote, ikambidi ashike ya pili.