Swali Lililopigiwa Makofi

Watu wa filamu ya vita vya zamani walipoingia mjini, mji mzima ulichangamka kana kwamba vita vyenyewe vilikuwa harusi. Mwongozaji alitaka lile lile ghala la pamba ambamo wanaume walifungiwa miaka ile. Alisema kuta za kweli hazidanganyi. Sawa, hazidanganyi, lakini nani aliwahi kuzisikia zikisema?

Mama Mapacha alipata kibarua cha kuosha vyombo kwenye turubai la jikoni, nyuma ya ghala. Alisugua masufuria, akamwaga maji machafu na makombo kwenye mtaro wa zamani uliojaa udongo, na roho yake ilikuwa juu kutwa nzima. Mumewe aliingizwa ghalani humo akiwa na viatu vyake vya kazi miguuni, na hakuonekana tena. Mama mkwe alikuwa na maelezo yake, na hakuchoka kuyarudia mbele ya wajukuu: "Mwanangu hakufa. Alimkimbia huyu na mdomo wake." Mapacha walikua na maneno hayo masikioni. Mama yao alitaka kitu kimoja tu, mahali pa kuwapeleka na kuwaambia, baba yenu yuko hapa.

Siku ya siku, wanawake wa jikoni waliitwa wavae matambara na kuigiza wake wa mateka. Kamanda aliigizwa na fundi baiskeli wa sokoni, mtu mpole, wa kukuazima pampu hata hujamaliza kuomba. Mwongozaji alimsifu kwamba ana kipaji cha kuzaliwa. Fundi akafungua kinywa.

"Kaeni chini! Mikono kichwani!"

Mama Mapacha aliitambua. Kipaji wapi! Sauti hiyo aliisikia mlangoni pake siku mumewe alipochukuliwa, akiwa amejibanza uvunguni na wanawe.

Alitakiwa alie tu. Hakulia. Aliinuka, akamkazia macho. "Mume wangu mlimzika wapi?"

Fundi alibabaika, kisha akayakimbilia maneno aliyokaririshwa. "Kaa chini!"

"Kata!" Mwongozaji aliruka kwa furaha, na watu wake wakapiga makofi. "Mama, umetisha! Hilo swali linabaki. Turudie, kamera isogee karibu."

Wakarudia. Akauliza, akaambiwa kaa chini. Wakarudia tena kwa sababu ya taa, halafu kwa sababu ya sauti. Kila alipouliza, Fundi alizidi kunywea, jasho likimtoka hadi dada wa vipodozi akachoka kumfuta. Mwishowe alitazama sakafu.

"Nyuma hapo," alisema. "Mtaroni. Na yule wa viatu vya kazi yumo. Nisamehe, mama."

Mwongozaji akakuna kichwa.

"Kata. Fundi, ndugu yangu, unaniharibia. Kamanda haombi msamaha, watazamaji watachanganyikiwa. Rudi kwenye 'kaa chini'."

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, haraka haraka. "Nilipitiwa, bosi."

"Umesikia alichosema?" Mama Mapacha alimuuliza mwongozaji.

"Nimesikia, mama. Usijali, tutakifuta."

Hakungoja kurudia. Alitoka na matambara yake hadi nyuma ya turubai, akasimama ukingoni mwa mtaro. Palikuwa na povu la sabuni, ukoko wa wali, mifupa ya kuku. Vyote alivimwaga yeye, kwa mkono wake. Alipiga magoti akaanza kuokota mifupa ile, akiitia kwenye pindo la nguo, machozi yaliyokataa mbele ya kamera yakimwagika sasa bila kuitwa.

Mwenzake wa jikoni alitokea na beseni limejaa.

"Sogea basi, mwenzangu, nimwage."

"Usimwage hapa!"

"Makubwa! Kwani si hapa hapa unapomwaga wewe kila siku?"