Nati Mbili Asizozikumbuka

Pale karakana walimwita Mara Mbili, na jina hilo hakulipata kwa sifa. Kwa miaka kumi na tisa fundi huyu wa breki alikuwa akifunga magurudumu huku anapiga mluzi, na gari likitoka mkononi mwake limetoka. Kisha ghafla akabadilika. Akishakaza nati anazunguka gari, anarudi, anazikaza tena. Mteja akishawasha injini, yeye anainua mkono, "Subiri kidogo, bwana," na kuchuchumaa upya. Siku nyingine mteja akiwa ameshaondoka, unamwona fundi mzima na ovaroli lake anatimua mbio barabarani, spana mkononi, akijaribu kuliwahi gari kwenye taa nyekundu.

Wenzake walicheka mpaka wakachoka. Mmoja wao alisema huyu hata mkewe alimwoa mara mbili, apate uhakika. Mara Mbili naye alicheka, lakini kicheko hakikupita meno.

Jambo ambalo hawakulijua lilianzia Ijumaa moja, saa tisa alasiri. Siku hiyo alikuwa akibadilisha pedi za breki kwenye gari dogo la buluu la mkunga mstaafu, mama mmoja aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa ule, na mwenye ulimi usiochagua wa kumkata. Alisharudisha gurudumu la mbele kushoto, akaweka nati nne kwa vidole, akashusha jeki. Alikaza ya kwanza. Alikaza ya pili. Simu ikaita.

Alikuwa dada yake, akipiga kutoka hospitali. Mama yao alikuwa ametoka chumba cha upasuaji salama, amefumbua macho, ameuliza kama wajukuu wamekula. Fundi alisimama uani akilia kwa furaha, mgongo ameuegemeza ukutani, na kila aliyepita alimpa habari. Baada ya hapo anakumbuka akimkabidhi mkunga ufunguo na kumwambia, "Mama, leo nina furaha, sijui nikupe nini." Kati ya simu na ufunguo hakuna kitu. Hakumbuki spana mkononi, wala nati ya tatu, wala ya nne.

Siku ya nne lile gari liliacha barabara kwenye kona ya shule, mvua ikinyesha, likaparamia ukuta. Mkunga alivunjika nyonga. Upande wa kushoto ulisagika vibaya, na hakuna aliyeweza kusema kama gurudumu liling'oka kabla ya ukuta au baada. Polisi waliandika barabara yenye utelezi na dereva mwenye umri mkubwa. Hakuna aliyemtazama fundi hata kwa jicho la pembeni.

Na hilo ndilo lililomtesa. Angelaumiwa, angejitetea. Sasa alikuwa anajishitaki na kujitetea mwenyewe, mchana kutwa, na kesi haiishi. Akienda kumjulia hali mama yake, ambaye alipona vizuri kabisa, alikuwa akimwona mzima wa afya na papo hapo anaona nati. Mezani anapokula mguu wake unatwanga sakafu. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa chekechea na amezoea watu wasiotulia, alimuuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali, mara ya tatu hakuuliza.

Miezi saba ikapita hivyo.

Kanisani alikuwa hakosi. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na siku za meza ya Bwana alibaki kwenye benchi akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Jumapili moja, mahubiri yakiwa katikati, alihisi vidole vinamwasha. Nje kulikuwa na magari manne. Akajiambia atatazama moja tu, arudi. Akatoka polepole kama mtu aliyebanwa na haja ndogo.

Ibada ilimalizika hana habari. Watu walipomiminika uani walimkuta amepiga magoti kando ya gari la mchungaji, suruali ya Jumapili imejaa vumbi, anakaza nati ambazo hakuna aliyemwomba azikaze.

"Fundi," mzee mmoja wa kanisa akasema, "kupiga magoti tunapigia kule ndani."

Watu walicheka. Mkewe hakucheka. Aliwashika watoto mikono, akaondoka nao kwa miguu bila kugeuka nyuma.

Mchungaji alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, aliyependa kumaliza jambo kabla chai haijapoa. Alimchukua fundi mpaka kwenye kijichumba wanakohifadhi spika na viti vya plastiki, akafunga mlango.

"Unatafuta nini kwenye gari langu?"

Fundi alitaka kutania, akaacha. Akasimulia yote, nati ya kwanza mpaka ukuta wa shule. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia maneno hayo nje ya kichwa chake, na alishangaa yalivyokuwa machache.

"Umemwomba Mungu juu ya hili?" mchungaji akauliza.

"Kila siku."

"Unamwomba nini?"

"Anikumbushe."

"Ukikumbuka kwamba ulizikaza?"

"Nitapumzika, Mchungaji."

"Na ukikumbuka kwamba hukuzikaza?"

Fundi akageuza kiti cha plastiki, akakagua miguu yake.

"Basi huombi kukumbuka," mchungaji akasema. "Unaomba usiwe na kosa. Ombi hilo sijaona mtu akijibiwa, nikianza na mimi."

"Sasa nitubu kitu nisichojua kama nilikifanya?"

"Kuna unachokijua. Uliacha kazi katikati hukuirudia kuitazama. Halafu ukanyamaza miezi saba. Anza na hayo mawili, uyapeleke yanakohusika. Hizo nati nyingine mwachie aliyekuwepo Ijumaa ile."

Fundi alitoka pale amekasirika. Alitarajia kuwekewa mkono kichwani, aombewe, aende nyumbani. Badala yake amepewa safari. Jumatatu alipita mtaa wa mkunga mara tatu, na mara zote tatu akajipa sababu ya kutoingia: mlango umefungwa, mlango uko wazi, kuna mgeni. Jumanne aliomba ruhusa kazini, akaenda, akagonga kabla miguu haijabadili mawazo.

Mkunga alikuwa sebuleni, fremu yake ya kutembelea kando ya kiti, gazeti mapajani, anajaza chemshabongo kwa kalamu ya wino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari sina tena, fundi. Umekuja kukagua nini?"

Kumbe hata huku jina lilishafika. Fundi hakukaa. Alisema akiwa amesimama, mikono nyuma, macho kwenye zulia. Alisema juu ya simu, juu ya mama yake, juu ya nati mbili anazozikumbuka na mbili asizozikumbuka. Alipomaliza, mkunga alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Unajua wanangu waliniambia nini?" akauliza. "Waliniambia macho yamekwisha. Wakachukua leseni yangu wakaificha. Siku hizi hata nikiwasha jiko kuna mtu anasimama mlangoni kunichunga. Miezi saba nimelala kitandani najiuliza niliona nini pale kwenye kona, nilikanyaga nini. Na wewe ulikuwa na neno hili mfukoni."

"Mama, sina uhakika kama ni mimi."

"Hata mimi sina uhakika kama ni mimi. Tofauti ni kwamba mimi nimelaumiwa peke yangu."

Fundi akakaa bila kukaribishwa. Kwa miezi yote ile aliwaza nyonga ya huyu mama. Hakuwahi kuwaza kwamba kimya chake kilikuwa kinamvunja mfupa mwingine.

"Naomba unisamehe," akasema.

"Sitaki kukudanganya, mwanangu. Leo siwezi." Akamnyooshea simu. "Mpigie mwanangu mkubwa. Mwambie kama ulivyoniambia. Usipunguze hata neno."

Akapiga. Hakupunguza.

Kesho yake asubuhi mtoto mkubwa wa mkunga alifika karakana, na alipoondoka hapakuwa na fundi aliyekuwa ameshika spana. Wote walikuwa wamesimama wanasikiliza. Bosi alimwita Mara Mbili ofisini, akamwambia akae nyumbani mpaka mambo yapoe. Hakumfukuza, lakini hakumtazama usoni pia. Fundi akaenda moja kwa moja polisi. Askari wa zamu alitafuta faili, akalipata chini ya mengine, akalifungua.

"Gari lilishauzwa chuma chakavu, likakatwa. Hakuna cha kupima tena. Unataka nifanye nini?"

"Niandike maelezo yangu."

"Andika basi."

Akaandika ukurasa mmoja na nusu. Askari akauchomeka ndani ya faili, akalifunga kwa uzi, akalirudisha lilikotoka. Fundi alibaki amesimama pale kaunta, kama anasubiri risiti. Ndipo alipoelewa kwamba hatajua kamwe. Hakuna aliyebaki wa kumwambia.

Nyumbani alimweleza mkewe. Mkewe alisikiliza, akainuka, akaenda jikoni, akarudi.

"Mimi nilidhani una mwanamke," akasema. "Nilishamchagulia na jina." Kisha akakaa karibu naye na kulia, na fundi hakujua kama anamlilia yeye au ile miezi saba.

Wiki zile za kukaa bila kazi zilikuwa mbaya kuliko zote. Alitegemea kwamba akishasema atapata nafuu. Badala yake wasiwasi ulikosa pa kukaa, ukazurura ndani ya nyumba. Alikaza bawaba zote za milango. Alikaza mguu wa meza ambao haukuwa umelegea. Alipojaribu kuomba, maneno yalikwenda mbio na kumwacha. Alimwambia mkewe kwamba labda Mungu amemsikia na hana la kumjibu.

"Au wewe humpi nafasi ya kujibu," mkewe akasema. "Watoto wangu wa chekechea wako hivyohivyo. Wanauliza huku wanakimbia."

Jumapili ya meza ya Bwana alikwenda kwa sababu mkewe alishapiga pasi shati. Wakakaa katikati, mbali na mlango. Hilo nalo lilikuwa wazo la mkewe. Kanisa likasimama kwa maungamo. Maneno yale fundi aliyajua tangu utoto, na kwa miaka mingi aliyasema kama mtu anayeitikia salamu: tumekukosea kwa tuliyoyatenda na kwa tuliyoyaacha, kwa tunayoyajua na kwa yale unayoyajua wewe peke yako.

Akafika pale, mdomo ukasimama. Watu wakaendelea, yeye akabaki na lile neno. Unayoyajua wewe peke yako.

Siku zote aliiona ile nusu saa ya Ijumaa kama chumba kitupu, kimefungwa, na yeye yuko nje anatikisa kitasa. Sasa ikamjia, taratibu, kwamba chumba kile hakikuwa kitupu hata kidogo. Kristo alikuwepo. Alimwona fundi anakaza, au alimwona anasahau, na vyovyote alivyomwona, ndiye huyu aliyemwandalia meza leo. Hakumngoja alete ushahidi. Ikiwa nati zilikazwa, anajua. Ikiwa hazikukazwa, anajua, na deni la kosa hilo alishalibeba msalabani kabla fundi hajazaliwa. Fundi hakuhitaji kushinda kesi ndipo akaribie.

Watu walipotoka kwa mistari, alitoka nao. Alipokea mkate, akapokea kikombe, akarudi kukaa. Hakutetemeka, hakuona nuru. Ila wakati wa wimbo wa mwisho mkewe alimgusa goti kwa kiwiko, akamwonyesha kwa macho. Mguu ulikuwa umetulia. Hakujua ulitulia saa ngapi.

Isidhaniwe kwamba tangu hapo aliishi ametulia kama maji mtungini. Bosi alimrudisha kazini mwezi uliofuata, na kuna siku ambazo mkono ulimwasha, akarudia kazi aliyokwisha kuikagua. Siku nyingine aliuacha umwashe. Alisimama kando ya gari akasema kimoyomoyo, "Bwana, mimi nimemaliza, wewe unaona," akamkabidhi mtu ufunguo wake. Mara nyingi ilitosha. Isipotosha, alimpigia mkewe akaongea naye mpaka gari lipotee machoni.

Kisha mkunga akapiga simu. Alikuwa amepimwa macho, na daktari amesema ni mazima. Mwanawe, kwa aibu, ameirudisha leseni, lakini hakuna mtoto wake hata mmoja mwenye moyo wa kukaa naye kwenye gari.

"Wewe utakaa," akasema. Haikuwa swali.

Wakakutana Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule, na gari la mwanawe. Mkunga aliingia kwa shida, akaiegesha fremu kiti cha nyuma, akashika usukani kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Alikaa hivyo muda mrefu bila kuwasha. Fundi aliona vidole vyake vinaukaza na kuulegeza usukani, na akagundua kwamba vya kwake havimwashi.

"Lile la nati nimeshakusamehe, kama lipo," mkunga akasema, akitazama mbele. "La kunyamaza bado. Lakini linapungua."

"Asante, mama."

"Niombee basi, nawe umekaa tu. Ila usifumbe macho, nataka uone barabara."

Fundi akaomba kwa sauti, macho wazi, maneno machache. Mkunga akaitikia amina, akawasha, akaweka gia. Gari likaruka kidogo, likatulia, likaanza kuuzunguka uwanja.