Kidole cha Kiongozi

Jukwaani nilikaa nyuma ya ngoma kubwa, mahali ambapo hata mwanga wa taa ulifika umechoka. Wapiga vinanda vya mwanga, vile vya umeme vinavyopigwa kwa kugusa miale, walikaa mbele na waliniita Kamba Moja. Mmoja wao aliwahi kuniomba zeze langu la uzi mmoja mbele ya watu ati aanikie soksi. Bendi nzima ikaangua kicheko, na Kiongozi naye akacheka kistaarabu, mkono mdomoni. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na kazi yangu pale, na kazi hiyo ilitaka wanipuuze.

Mji wetu uko chini ya ardhi, kwa sababu huko juu, kwenye uso wa sayari hii, huvuma vumbi lenye umeme linalokula kila chombo chenye waya. Ndiyo maana waliojenga Lango la kutokea juu hawakulitia kufuli wala swichi. Walilitia sikio. Ndani ya ukuta walificha nyuzi za chuma ambazo hutetemeka zikisikia wimbo mmoja tu, tena katika sauti yake kamili, na mtetemo huo ndio unaovuta komeo. Ukikosea, Lango linanyamaza. Ukikosea mara tatu, linajifunga wiki nzima na hakuna wa kulibembeleza.

Zamani wimbo huo aliupiga mama yangu, kwa zeze hili hili. Kisha akaja Kiongozi, kijana mtanashati enzi hizo, akakaa miguuni pa mama akajifunza. Alipoiva aliupangia vinanda thelathini na kuuita wimbo wake. Baraza la mji likampenda, likaona aibu kuendelea kufunguliwa mlango na mwanamke mwenye kibuyu na uzi. Mama akahamishiwa kwenye chumba cha vichujio vya hewa, kuosha vumbi kwa tindikali. Glavu zilitoboka na hakuna aliyeleta nyingine. Leo vidole vya mkono wake wa kushoto havikunjiki. Vifungo vya gauni lake nafunga mimi, kila asubuhi, na kila asubuhi naanza upya kumchukia yule mtu.

Siku niliyoomba nafasi kwenye bendi, mama aliniuliza kama nakwenda kupiga muziki au kupiga mtu. Nikamwambia vyote viwili. Hakunikataza. Alisema tu nisivute upinde kwa hasira, uzi utakatika.

Walinichukua kwa sababu moja. Kila dhoruba ya vumbi inapopita juu yetu, vinanda vya mwanga husahau sauti zao, vinabaki mapambo. Zeze halina waya, halisahau. Kwa hiyo kabla ya kupiga, mimi huvuta upinde mara moja, na vinanda vyote hulinganishwa na sauti yangu. Kwao hiyo ilikuwa kazi ya chini kuliko kufagia jukwaa. Hakuna aliyewahi kuuliza kama sauti yenyewe ni sahihi. Nani akague kamba ya kuanikia nguo?

Nikasubiri. Siku ikaja pale meli ya anga ya Gavana ilipotua nje ya Lango, dhoruba ikiwa imetoka kupita. Alikuja kumwapisha Kiongozi awe Mlinzi wa Lango maisha yake yote. Kabla ya kufanya lolote nilimuuliza fundi wetu wa Lango, aliyekuwa akizungumza na watu wa meli kupitia bomba la ukutani, kama wageni wana hewa ya kutosha. Akasema wanayo ya mwezi mzima. Vizuri. Mimi nina kinyongo, si muuaji.

Kwenye kigingi cha zeze kuna alama aliyoichonga mama kwa kisu, panapokaa sauti ya kweli. Nikakirudisha kigingi nyuma, unene wa ukucha tu. Nikavuta upinde. Vinanda thelathini vikaniamini.

Walipiga vizuri, sitawanyima haki yao. Walipatana wote pamoja na wakakosea wote pamoja. Lango likanyamaza. Kiongozi akarudia kwa nguvu zaidi, mikono ikikata hewa. Lango kimya. Kupitia bomba, Gavana akauliza kwa upole kama wenyeji wamelala. Ukumbi mzima ukashikwa na kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Ndipo, kwa mara ya kwanza, Kiongozi akafika nyuma ya ngoma kubwa. Kola yake ilikuwa imelowa.

"Umetupa sauti gani?"

"Hiyo hiyo mliyoipokea."

Akaniambia nirekebishe, imebaki mara moja tu. Akaniahidi kiti cha mbele, taa yangu mwenyewe, jina langu mlangoni. Nilimwacha amalize.

"Waambie wimbo ni wa nani," nikasema.

"Binti, utanimaliza."

"Ndilo lililonileta."

Aliinamia lile bomba na kumtaja mama yangu, kwa sauti ya mtu anayetafuna karatasi. Nikamwambia watu wa nyuma hawajasikia. Akarudia.

Nikakirudisha kigingi kwenye alama, nikashuka jukwaani. Kila mtu alidhani nitapiga mimi. Nikaenda mpaka kwenye kiti cha pembeni nilipomketisha mama kabla ya sherehe, nikamwekea zeze mapajani na upinde katika mkono wake wa kulia, ulio mzima. Kisha nikamgeukia Kiongozi.

"Vidole vya kushoto hana. Leta vyako."

Mama alinitazama, nikadhani atanikemea. Akasogeza goti ili yule mtu apate pa kupiga magoti.

Kiongozi akapiga magoti, lakini vidole vyake vilizoea kugusa mwanga. Havikuwahi kugusa uzi uliokazwa.

"Si hapo," mama akamwambia. "Shuka. Bonyeza, usipapase."

Uzi ukamla. Damu ikachirizika kwenye kibuyu na akaondoa kidole. Mama akaushikilia upinde juu, haujagusa uzi bado, akangoja, kama mwalimu anavyomngoja mwanafunzi mzito. Kidole kikarudi. Wimbo ukatoka mwembamba, wenye mikwaruzo, mzima.

Komeo likanguruma. Lango likafunguka, na Gavana akawa amesimama pale, kofia yake ya chuma kwapani. Hakuna aliyemtazama. Kiongozi akaanza kuinuka, kidole mdomoni.

Mama akamwekea mkono wake wa kushoto begani.

"Tena," akasema.